Karani wa Shule na Neno "Njoo Kesho"

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka)



Katika mkutano wa mwaka jana mzee wetu mmoja alisimama akauliza swali, nasi tukalichukua tukaenda nalo nyumbani. Alisema: "Zamani karani alikuwa mtu wa kuaminiwa. Ukifika ofisini kwake saa mbili asubuhi, wamkuta kitini. Siku hizi waenda ofisi ya shule, wamkuta kijana ameinamia simu yake, naye bila kukutazama usoni akuambia njoo kesho. Bidii imekwenda wapi?" Watu walicheka, na mkutano ukaendelea na mambo mengine. Lakini sisi tulio makarani hatukucheka sana, maana swali lilikuwa la haki. Baadaye Halmashauri ilituomba tulijibu, na ndiyo kazi tunayojaribu kuifanya leo.

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Bidii haikutoroka kwa siku moja. Ilichakaa kidogo kidogo chini ya mzigo ambao hakuna aliyeupima, na karani mwenyewe akanyamaza, hata kunyamaza kwake kukawadhuru watu wasio na hatia. Hatusemi haya ili tujitetee. Makosa yetu tutayataja, tena kwa kinywa chetu wenyewe.

Yafaa kwanza tueleze kazi yenyewe, kwa kuwa wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtu apitaye nje ya dirisha la ofisi ya shule aona karani ameketi kivulini, mbele yake meza na karatasi, naye asema moyoni, huyu apumzika. Lakini na aingie akae naye siku moja ya kufungua shule. Tangu saa moja na nusu asubuhi wazazi wamejipanga mlangoni, kila mmoja na karatasi ya benki au ujumbe wa simu wa kuonyesha karo aliyolipa. Kila shilingi hapana budi iandikwe katika leja na kutolewa stakabadhi. Mwalimu aingia na karatasi za mtihani, ataka zipigwe chapa kabla ya saa nne. Mwenye duka aliyeiletea shule maharagwe na mahindi aja kuuliza malipo yake. Mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo ataka barua. Simu yalia. Mwalimu Mkuu ataka hesabu za kupeleka mbele ya Bodi alasiri. Katika shule nyingi kazi hizi zote ni za watu wawili, na katika shule ndogo ni za mtu mmoja.

Wako wazee hapa waliokuwa makarani katika miaka ya 1960 na 1970, walioandika leja kwa wino na kuziweka barua katika majalada kwa utaratibu ambao hata leo twautamani. Hatusemi kazi yao ilikuwa nyepesi. Lakini twaomba watazame jinsi yetu ilivyoongezeka. Mwaka 2003 Serikali ilipofuta karo katika shule za msingi, watoto zaidi ya milioni 1 waliingia madarasani, na watoto hao walipokua walibisha hodi katika shule za sekondari. Mwaka 2008 Serikali ilianza kulipia masomo katika sekondari za kutwa, na kuanzia mwaka 2018 kiasi kilichowekwa kwa kila mwanafunzi kilikuwa shilingi 22,244 kwa mwaka. Haya yalikuwa mema, nasi twayashukuru, maana wako ndugu zetu waliosoma kwa sababu hiyo. Lakini fedha za Serikali hufuata majina, na majina huandikwa na karani.

Mwaka 2017 ulikuja mfumo wa kompyuta ulioitwa NEMIS, wa kuandikisha kila mwanafunzi kwa namba yake na namba ya cheti chake cha kuzaliwa. Mtoto asiye na cheti hakuweza kuingizwa vema, na asiyeingizwa alikuwa kama hayupo fedha zilipogawanywa. Watoto waliokuwa hawana vyeti walikuwa wengi. Tena mchana mtandao ulikuwa mzito, kwa hiyo wengi wetu tulizoea kurudi ofisini usiku ili kuingiza majina watu wengine walipokuwa wamelala. Mwaka 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, na zilipofunguliwa kwa wote Januari 2021 mihula ilibanwa ili kufidia wakati uliopotea. Karo ikadaiwa mara nyingi zaidi katika mwaka, na wazazi waliokuwa wamepoteza kazi wakamwona karani kuwa ndiye adui. Kisha Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia darasa la 10, na fomu mpya zikaja pamoja nao.

Mzigo uliongezeka hivyo, lakini mikono ya kuubeba ilibaki ile ile. Na liko jambo jingine ambalo wazee wengi hawalijui. Walimu walioandikwa na Tume ya Walimu hulipwa na Tume. Karani, mpishi na mlinzi huajiriwa na Bodi ya shule, kama ilivyoagizwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, nao hulipwa kutoka katika fedha zinazoifikia shule. Fedha zikichelewa kuja, mshahara wao nao huchelewa. Basi fikirini hali ya karani ambaye kwa mkono wake mwenyewe aandika kwamba sandukuni hamna kitu, naye ajua kuwa katika hicho kitu kisichokuwamo mna kodi ya nyumba yake. Mwenye duka amdai kwa niaba ya shule, naye jioni adaiwa na mwenye duka mwingine kwa niaba ya watoto wake.

Mtu akikaa katika hali hiyo miaka mingi, hupatwa na nini? Mwaka 1974 mwanasaikolojia mmoja wa New York, jina lake Herbert Freudenberger, aliandika habari za watu wa kujitolea aliofanya kazi pamoja nao katika zahanati ya maskini. Aliona kwamba wale waliokuwa na moyo wa bidii ndio walioanza kuishiwa nguvu, kama moto uliokula kuni zake zote. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hii kwa alama tatu, likasema hutokana na taabu ya kazi iliyodumu bila kutengenezwa. Ya kwanza ni uchovu usioondoka. Ya pili ni moyo kujitenga na kazi, au kuichukia na kuidharau. Ya tatu ni mtu kuona kuwa kazi yake haizai kitu tena. Shirika halikusema kwamba ni ugonjwa; lilisema ni jambo litokalo kazini. Kwa sababu hiyo hata dawa yake haina budi kutafutwa kazini, wala si hospitali peke yake.

Tuliposoma maneno hayo tulijitambua kama mtu ajionavyo katika kioo. Na hapa, Bwana Mwenyekiti, twaomba ruhusa ya kusimulia jambo. Mpaka sasa tuliposema "sisi" tulimaanisha makarani wote. Katika habari hii "sisi" ni huyu mmoja asimamaye mbele yenu, wala hataki kujificha nyuma ya wenzake.

Tulisomeshwa katika sekondari ya misheni, na huko tulifundishwa kwamba kazi iliyofanywa vema ni sehemu ya ibada. Tulipoanza ukarani, miaka 11 iliyopita, tulikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka. Tulijua majina ya wazazi, na yupi ni mjane, na yupi husubiri chai iuzwe ndipo alipe. Mwaka wa saba tulianza kuchelewa robo saa, halafu nusu saa. Barua iliyotaka jibu tuliisoma mara tatu bila kuielewa. Usiku hatukulala, na asubuhi hatukuamka. Tulianza kupita mahali pa pombe jioni, tukidai ni kupumzisha akili. Mshahara ulipochelewa tulikopa kwa simu, tukakopa tena kulipa mkopo wa kwanza. Na mzazi alipofika dirishani hatukumwona mtu. Tuliona karatasi nyingine tu.

Ndipo akaja mama mmoja, siku ya Jumanne, na fomu ya msaada wa karo wa jimbo la uchaguzi. Fomu hiyo yataka iandikwe deni la mwanafunzi, itiwe sahihi ya Mwalimu Mkuu na kupigwa muhuri wa shule. Kazi yake haizidi dakika 10. Siku ya mwisho ya kuirudisha ilikuwa Ijumaa. Jumanne hiyo tulikuwa tukiingiza majina katika kompyuta, mtandao ulikuwa umekatika mara mbili, na Mwalimu Mkuu alikuwa ametuma watu kuuliza orodha. Tulimwambia mama yule, "Iache hapo, njoo kesho." Kesho yake hakuja, kwa kuwa hakuwa na nauli. Alhamisi alikuja. Fomu hatukuiona. Hatukusimama kuitafuta, tulisema tena, "Njoo kesho." Ijumaa saa kumi alasiri tulifungua leja kubwa, tukaikuta ndani yake, safi, haijaandikwa hata neno moja. Ofisi ya msaada ilikuwa imefungwa.

Binti yake alikuwa kidato cha tatu. Muhula uliofuata alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, akakaa huko majuma matano. Mama yule alikuja ofisini mara moja zaidi. Tulijiweka tayari kwa matusi, maana twajua kuyajibu. Hakutukana. Alisimama kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, nimekuja kukuuliza, labda niliwahi kukukosea jambo?" Tulikosa la kusema. Tungaliweza kumweleza habari za mtandao, na majina, na mshahara wa miezi miwili ambao haujalipwa, na yote yangalikuwa kweli. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo ambalo yeye ndiye aliyelifanya.

Siku hiyo tulikwenda kwa Mwalimu Mkuu, tukaeleza yote mwanzo hadi mwisho. Tulipewa barua ya onyo, nayo ilikuwa haki. Bodi ilikubali binti arudi darasani na mama alipe kidogo kidogo, na sehemu ya deni lile tulilipa sisi, wala hatulisemi hilo kwa kujisifu, maana majuma matano hayarudishwi kwa fedha. Lakini Mwalimu Mkuu aliuliza swali moja ambalo hatujaulizwa kabla. Alisema, "Kwa nini hukuniambia kwamba umelemewa?" Nasi tukajibu kweli: tuliogopa. Tuliona kwamba karani akisema amechoka, mtu mwingine wa kukalia kiti chake yuko mlangoni na vyeti vyake mkononi.

Ndugu wanachama, hofu hii ndiyo mzizi wa neno "njoo kesho". Karani aliyelemewa haambii mkubwa wake "siwezi", kwa kuwa mkubwa ana nguvu ya kumfukuza. Humwambia mzazi "njoo kesho", kwa kuwa mzazi hana nguvu hiyo. Mzigo ule ule anaoshindwa kuukataa juu, huuteremsha chini, umwangukie aliye dhaifu kuliko yeye. Huko ndiko ilikokwenda bidii ambayo mzee wetu aliiulizia.

Nini basi cha kufanya? Kwa makarani wenzetu twasema mambo manne, nayo tumeyajaribu sisi wenyewe.

Kwanza, kila aletaye jambo dirishani aandikwe katika daftari: jina lake, jambo lake, na siku na saa aliyoahidiwa. Neno "kesho" lisilo na saa ni uongo wenye adabu. Tangu tuanze daftari hilo hatujapoteza fomu ya mtu.

Pili, saa zigawanywe kwa idhini ya Mwalimu Mkuu na kubandikwa mlangoni. Kwetu sisi, asubuhi mpaka saa sita ni ya wazazi, na alasiri ni ya hesabu na kompyuta. Zamani tulifanya yote kwa pamoja, na yote yaliharibika kwa pamoja.

Tatu, karani ajue haki yake na kuitumia. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi siku isiyopungua moja ya kupumzika katika kila siku saba, na siku zisizopungua 21 za likizo yenye mshahara baada ya kila miezi 12. Wengi wetu tulijivuna kwamba hatujachukua likizo miaka mitatu. Hilo si jambo la kujivunia. Punda afe mzigo ufike, ndivyo wasemavyo, lakini punda akifa mzigo wa kesho utabebwa na nani?

Nne, aseme mapema. Mficha maradhi kilio kitamfichua. Na pombe na mikopo ya simu hazipumzishi akili. Huisogeza taabu mpaka mwisho wa mwezi tu, nayo hurudi na riba.

Kwa wazee wetu, ambao baadhi yenu ni wajumbe wa Bodi za shule, twaomba kwa heshima mambo mawili. Mshahara ukichelewa, karani na aitwe aambiwe kweli, na siku inayotazamiwa, kuliko kuachwa akisikiliza nyayo za mhasibu. Na katika majuma ya kufungua shule na ya kuandikisha watahiniwa, apewe mtu wa kumsaidia, hata kama ni kijana aliyemaliza kidato cha nne, kwa posho kidogo. Gharama hiyo ni ndogo kuliko gharama ya fomu iliyosahauliwa ndani ya leja.

Kwa wazazi twaomba msingoje siku ya mwisho mkaja wote pamoja, na mje na cheti cha mtoto na karatasi ya benki mkononi. Na mkiambiwa "njoo kesho", ulizeni kwa upole, "Saa ngapi, na nimwulize nani?" Karani mwema hatachukia kuulizwa hivyo.

Mwisho twaomba neno moja kwa Chama chenyewe. Chama chetu kina sifa njema ya kufika upesi palipo na msiba. Mwanachama akifa, jeneza hununuliwa, gari hupatikana, na mjane hasahauliwi. Twaona fahari kwa hilo. Lakini mtu anayechakaa kazini hana kilio cha kuwaita majirani. Hufika ofisini kila siku, huvaa tai, husalimu watu, na ndani yake moto umekwisha. Twapendekeza mkutano huu uchague wazee watatu, wanaume kwa wanawake, ambao mwanachama yeyote mwenye kazi aweza kuwaendea kwa siri na kusema, "Nimelemewa," bila kuogopa kufukuzwa wala kuchekwa. Hatuombi fedha kwa jambo hili. Twaomba masikio, na pale inapofaa, mzee mmoja wa kwenda pamoja na kijana kwa mwajiri wake, kusema kwa niaba yake kwa adabu. Chama kilichozoea kutufikia tukiwa tumekufa kitufikie pia tungali hai.

Mnaweza kuuliza habari za binti yule. Alimaliza kidato cha nne katika shule ile ile. Siku aliyokuja kuchukua cheti chake alifuatana na mama yake. Tuliwatafutia viti, tukaandika majina yao daftarini kama ya watu wengine wote, na cheti kilikuwa mkononi mwao kabla ya robo saa kwisha. Mama alitazama saa ya ukutani, akatutazama, akacheka kidogo. Hakusema kitu, wala hatukutaka aseme.

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu na ndugu wote, hilo ndilo jibu letu kwa swali la mwaka jana. Ikiwa tumesema neno lisilofaa mbele ya wazee, twaomba radhi.